Ukuta umeingia kwa jirani na sio mimi niliyeujenga, nani anawajibika?

Mkazi_Mpya

Wakuu habari za muda huu. Naombeni msaada hasa kwa wanaojua sheria za ardhi na mambo ya upimaji. Nilinunua nyumba ikiwa na ukuta wake tayari, ukuta wa tofali umezunguka pande zote, aliyeniuzia ndo aliyejenga kila kitu. Kiwanja cha kushoto kilikuwa kimekaa tu, majani matupu, mwenyewe haishi pale. Sasa kaja anataka kujenga, akaja na mpima wake, akaniomba kistaarabu mpima aingie kwangu atafute bikoni (ile alama ya mpaka inayofukiwa kwenye kona ya kiwanja), nikamruhusu. Wakafukua kona ya nyuma bikoni ikaonekana, iko NDANI ya ukuta wangu. Wakavuta kamba kutoka bikoni ya mbele mpaka hiyo ya nyuma, mbele ukuta uko kwenye mstari safi kabisa ila unavyoenda nyuma unazidi kuachana na kamba, ukifika kona umeshaingia kwake sentimita 40. Urefu wa upande huo ni mita 18.

Jirani anasema nibomoe kwa gharama zangu, nikichelewa atabomoa mwenyewe. Mi namwelewa kwa kweli ni ardhi yake, lakini ukuta sikujenga mimi, nilinunua hivohivo nikijua ndo mpaka. Na kuna lingine linaninyima usingizi, karibu na hiyo kona ya nyuma kuna ufa umeshuka kwa ngazi ngazi kufuata maungio ya tofali na ukuta umeanza kuinamia upande wake, vibarua wake wanapita pale chini kila siku. Kwahiyo naomba kujua nani anatakiwa kubomoa na kulipa, mimi au aliyeniuzia, je jirani ana haki ya kuuvunja mwenyewe, na ukianguka ukaumiza mtu kesi ni ya nani? Na hii habari kwamba ukuta ukikaa miaka fulani unakuwa mpaka halali ni kweli? Asanteni.

Tofali_Bichi

Mkuu usibomoe chochote. Ukuta ukishakaa miaka 12 hapo ndo mpaka, yeye alikuwa wapi siku zote? Mwambie aende mahakamani.

Wakili_wa_Jioni

Mkazi_Mpya pole, na Tofali_Bichi samahani ndugu yangu ila ushauri huo unaweza kumuingiza huyu mwenzetu kwenye gharama kubwa kuliko ukuta wenyewe. Nitalifikia hilo la miaka.

Kwanza tutenganishe aliyekosea na anayetakiwa kuondoa. Aliyekosea ni aliyejenga, hapo hakuna ubishi. Ila ukuta uliosimama kwenye ardhi ya mtu haihesabiwi kwamba kosa lilifanyika siku ya kujenga likaisha, kila siku unayoamka umesimama pale ni uvamizi unaoendelea, na leo hii mwenye huo ukuta ni wewe. Kuna kesi ya zamani sana Uingereza, ya mwaka 1839, wasimamizi wa barabara walijenga nguzo za kuegemeza barabara zikaingia kwenye ardhi ya mtu, wakashtakiwa wakalipa fidia, wakajua yamekwisha, nguzo wakaziacha palepale. Jamaa akawashtaki tena kwa kuziacha na akashinda tena. Msingi huo umeingia kwenye nchi nyingi zilizorithi sheria za kule, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo. Kwahiyo ukisema "sikujenga mimi" jirani atakujibu sawa, lakini nimeshakuonyesha mstari uko wapi na wewe bado umeuacha. Tangu siku ile kamba imevutwa mbele yako huwezi tena kusema hukujua.

Hiyo haimaanishi aliyekuuzia kapona. Yeye unamrudia wewe, kwa mkataba wa mauziano. Utoe mkataba usome kilichoandikwa kuhusu mipaka, alikuahidi nini, na kama kuna ushahidi kwamba alijua ukuta umevuka akanyamaza basi hapo una dai zito. Ila hilo ni kati yako na yeye, jirani hahusiki kusubiri mmalizane.

Sasa kubomoa mwenyewe. Kimsingi kitu kilichoshikamana na ardhi kinafuata ardhi, na kisheria mtu anaweza kuondoa kilichoingia kwake, lakini mahakama haziipendi kabisa njia hiyo pale ambapo kuna muda wa kwenda kuomba amri. Na mfano mzuri unafanana na wako sana. Uingereza mtu alinunua nyumba yenye gereji iliyojengwa na mmiliki wa zamani, ukuta wa gereji umeingia kwa jirani inchi nne na nusu, kama sentimita 11 na ushee tu. Mwenye ardhi akaenda mahakamani, mahakama ikakubali kweli ardhi ni yake ikampa fidia lakini ikakataa kuamuru gereji ibomolewe. Mwenye ardhi hakuridhika, akaanza kujenga ukuta wake mbele ya gereji ya watu kuiziba, akawekewa zuio, akalivunja tena na tena mpaka akafungwa. Alienda hadi Mahakama ya Rufani mwaka 1993 akidai ana haki ya kujitatulia mwenyewe, akakataliwa. Yani mwenye haki ndo aliyelala jela, inauma kuisoma. Jirani yako akianza na nyundo bila amri wala makubaliano, halafu kipande cha kwako nacho kikaja chini kwa sababu ukuta ni mmoja umeshikana, anageuka yeye wa kukulipa.

Usijipe moyo sana lakini, kwamba na wewe utaachiwa ukuta ulipe fidia. Uingereza tangu kesi moja ya 1895 mahakama inaweza kutoa pesa badala ya amri ya kubomoa pale ambapo madhara ni madogo, yanapimika kwa pesa, kiasi kidogo kinatosha, na kubomoa kungekuwa kumuonea aliyejenga. Ukuta wa fensi ambao fundi anaushusha na kuupandisha sio kama nyumba ya watu, ni vigumu kusema unaonewa.

Na nchi zinatofautiana sana. Ufaransa ni wakali, kanuni yao ya kiraia inasema hakuna anayelazimishwa kuachia mali yake isipokuwa kwa manufaa ya umma na kwa fidia ya haki, na mwaka 2002 mahakama yao ya juu ilisimama na mwenye ardhi kwenye fensi iliyoingia nusu sentimita. Nusu! Baadaye, mwaka 2016, wakalegeza kidogo, jaji aangalie kwanza kama kuchonga ile sehemu iliyozidi inatosha badala ya kuangusha jengo zima. Ujerumani ni kinyume kabisa, mtu akivuka mpaka na jengo bila kukusudia na bila uzembe mkubwa, na jirani hakupinga mapema, jirani anatakiwa avumilie halafu analipwa kodi ya kila mwaka kwa ile sehemu.

Mpima_Kamba

Mi nipo kwenye upimaji. Naongezea ya kwangu.

Mkazi_Mpya hesabu ya haraka, hiyo ni pembetatu, upana sentimita 40 mwishoni na sifuri mwanzoni kwa urefu wa mita 18, unapata mita za mraba 3.6. Ndo eneo mnalogombania. Lijueni wote wawili kabla hamjaanza kutajiana pesa, maana nimeona watu wanagombana kama wanagawana shamba.

La pili, huyo mpima kaletwa na jirani. Sisemi kadanganya, inawezekana yuko sahihi kabisa, ila bikoni moja kuonekana haitoshi. Bikoni zinang'olewa na matrekta, zinafukiwa, mafundi wanazihamisha wakichimba msingi halafu wanarudishia kwa macho. Mpima makini anaenda na ramani ya upimaji iliyosajiliwa, analinganisha vipimo na bikoni nyingine za viwanja jirani, ndo anasema hii ipo mahali pake au imehama. Omba umuone na ile ramani, au mlete mpima mmoja mliyekubaliana wote mgawane malipo, ripoti yake inakuwa na nguvu mbele ya yeyote.

Halafu kuna aina ya mpaka. Sio kila mpaka umepimwa kwa namba. Kenya kwa mfano kuna mipaka ya jumla ambayo ramani inaonyesha takriban tu, na pia kuna iliyopimwa rasmi. Kwa mpaka wa jumla sentimita 40 inaweza isisomeke kabisa kwenye ramani, kwahiyo anayeamua ni Msajili wa Ardhi, na sheria yao ya usajili ya 2012 inasema mahakama isisikilize mgogoro wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa mpaka kwanza mpaka wenyewe uamuliwe kwa utaratibu huo. Na kule kuharibu au kung'oa alama ya mpaka ni kosa la jinai, kwahiyo ile bikoni iliyofukuliwa kwako usiiguse wala usiache watoto waichezee. Ijengee kifuniko kidogo, piga picha na kitu cha kupimia kikiwa pembeni.

Cha mwisho ambacho watu wengi hawakiangalii ni MSINGI. Msingi wa ukuta ni mpana kuliko ukuta, unatoka pembeni kila upande. Ukuta unaweza kuwa kwenye mstari sawasawa juu halafu chini zege limeingia kwa jirani. Kwako nahisi hata pale mbele mnaposema uko safi, chini kuna zege limevuka. Chimbeni kishimo kidogo muone kabla hamjasaini makubaliano, vinginevyo jirani akichimba msingi wake atakutana nalo na mtaanza upya. Uingereza na Wales wao wana sheria ya 1996 ya kuta za mpakani, anayejenga kwenye mstari anatoa notisi ya mwezi mmoja kabla, na msingi unaruhusiwa kupita chini ya ardhi ya jirani pale inapobidi ila anamlipa akiharibu kitu. Pasipo na sheria ya namna hiyo zege lililovuka chini ni uvamizi sawasawa na tofali la juu.

Tofali_Bichi

Sawa nimekubali kuhusu kubomoa lakini miaka 12 ipo kwenye sheria mkuu, sijaitunga.

Wakili_wa_Jioni

Ipo, hujaitunga. Kenya, Uganda na Tanzania dai la kurudishiwa ardhi lina ukomo wa miaka 12. Lakini ukuta kukaa tu hakutoshi. Lazima ukaaji uwe wa wazi, wa mfululizo, bila ruhusa ya mwenye ardhi. Kama yule aliyeuza alimwomba jirani kwa mdomo tu "nipitishe hapa tutarekebisha" na jirani akasema sawa, ile ni ruhusa, miaka haihesabiki. Na anayedai ndo anathibitisha, mahakama hazigawi ardhi ya mtu kirahisi. Tena hata ukishinda ni baada ya kesi ndefu kwa ajili ya mita za mraba tatu na kitu, dhidi ya mtu utakayeishi naye ukuta kwa ukuta. Uingereza kwa ardhi iliyosajiliwa walibadilisha tangu sheria ya 2002, ukikalia miaka 10 unaomba, mwenyewe anapewa taarifa, na akipinga mara nyingi unakosa.

Mkazi_Mpya hujatuambia ukuta una miaka mingapi?

Mkazi_Mpya

Asanteni sana wote, nimesoma mara mbili mbili. Ukuta haujafika hata nusu ya hiyo miaka kwa alivyosema aliyeniuzia. Na kusema ukweli hata ungefika sitaki ardhi ya mtu, ninachotaka nisilipe peke yangu kwa kitu sikujenga na nisije nikapelekwa polisi ukuta ukimwangukia mtu. Hilo la kuanguka bado sijajibiwa. Mpima_Kamba kesho nafukua kuangalia msingi kama ulivyosema.

Bi_Mkubwa_Salama

Mwanangu, mimi nilikuwa upande wa huyo jirani yako, ukuta uliingia kwangu. Nikuambie linaloumiza ni nini, sio zile sentimita. Ni mtu kukuonyesha kama hakuoni. Aliyejenga upande wangu kila nikimuuliza ananiambia tutazungumza, tutazungumza, mpaka nikaandika barua ya kupinga nikapeleka na shahidi akasaini kwamba ameipokea, ndo tukaanza kusikilizana. Wewe mwandikie wewe kwanza. Mwambie umeona mstari, unakubali mpimwe pamoja, na utalishughulikia, mpe tarehe. Kwa maandishi. Huyo mtu kakuomba ruhusa ya kuingia kwako kabla ya kufukua, hana ubaya huyo, usimgeuze adui.

Na kwa wengine mnaosoma mkiwa upande wangu, ukiona msingi unachimbwa na haupo sawa, pinga siku hiyohiyo kwa barua, weka kopi. Ukinyamaza mpaka watu wamemaliza lenta na plasta unajipunguzia nguvu, maana jaji atauliza ulikuwa unaangalia tu?

Wakili_wa_Jioni

Bi Mkubwa umesema kitu kikubwa. Barua ya jirani kupinga inamlinda yeye, na barua yako wewe Mkazi_Mpya inaonyesha hukupuuza. Andika kwa uangalifu tu, useme unakubali upimaji wa pamoja na utatekeleza matokeo, usiandike "nakubali kulipa kila kitu" kabla hujajua aliyekuuzia anachangia nini.

Aliyekuuzia naye mpelekee notisi ya maandishi sasa hivi, ambatanisha matokeo ya upimaji, mwite aje aone kabla ukuta haujashushwa. Watu wanakosea hapa, wanabomoa kwanza halafu wanamdai muuzaji ambaye anasema mimi niliacha mpaka sawa, na ushahidi umeshabebwa na lori la kifusi.

Makubaliano na jirani yanaweza kuwa ya aina nyingi. Mnaweza kukubaliana ushushe ile sehemu ya nyuma tu ambayo imevuka, kwa vile mbele mko sawa, ujenge upya kwenye mstari. Mnaweza kukubaliana ukuta mpya uwe wa wote wawili juu ya mstari, gharama nusu kwa nusu kwa sababu na yeye anahitaji ukuta wa kiwanja chake, ambalo mi nalipenda zaidi kwenu kwa sababu linaokoa pesa za kila mtu. Ufaransa ukuta unaotenganisha majengo unadhaniwa ni wa wote mpaka ithibitishwe vingine na matengenezo wanachangia. Sehemu nyingine hakuna dhana ya namna hiyo, kwahiyo muandike wenyewe nani anatengeneza, kama mtu anaweza kuongeza urefu, kama anaweza kuegemeza banda lake pale. Au akuuzie kale kapembe, lakini hapo kuna kupima upya, vibali, kubadilisha hati zote mbili, na kama yeyote ana mkopo wa benki juu ya hati benki lazima ikubali. Kwa mita 3.6 sioni faida.

Mkishindwana kabisa muende kwa utaratibu wa nchi yenu. Kwa mfano Tanzania mnaanzia Baraza la Kata ambalo tangu mabadiliko ya 2021 linasuluhisha tu halitoi hukumu, likishindwa ndo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kuhusu kuanguka: wewe. Hapo sitakuficha. Mtu anayekalia mahali akijua kuna hatari na asifanye lolote anawajibika hata kama hatari aliitengeneza mwingine, huo ni msimamo wa mahakama za Uingereza tangu 1940 na unafuatwa mbali. Ufaransa mwenye jengo analipa kama limeanguka kwa kukosa matengenezo au kwa kasoro ya ujenzi, kwahiyo "alijenga mwingine" haimsaidii. Wewe ufa umeuona na umeuandika hapa kwa mkono wako.

Fundi_Timazi

Mkazi_Mpya mimi ni fundi, mambo ya sheria wamekwambia waliosoma. Ufa wa ngazi ngazi pamoja na ukuta kuinama maana yake msingi umekaa vibaya au umelegea chini, kwenye kona hiyo labda maji yanasimama. Sio wa kupaka plasta. Na nakuomba kesho USICHIMBE kishimo cha kuangalia msingi kwenye kona hiyo, ukichimba pembeni ya msingi wa ukuta ulioinama unauondolea mshikilio wa mwisho. Kachimbe mbele kule ambako umenyooka.

Kabla ya barua na mpima, leo hii nenda kamwambie jirani awaondoe vibarua wake upande ule, zungushieni kamba pande zote mbili, umbali uwe mkubwa kuliko kimo cha ukuta kwenda juu. Piga picha za ufa ukiwa umeweka rula, weka na tarehe, hizo ndo utamwonyesha aliyekuuzia. Halafu omba ruhusa ya jirani fundi aweke miti ya kuegemeza kwa upande wake, kwa sababu ndiko ukuta unakoinamia, kwako ndani haitasaidia kitu. Akikubali andikeni hata kwenye karatasi ya daftari kwamba miti imewekwa kwa ruhusa na itaondolewa ukuta ukishushwa. Kushusha kuanzie juu, tofali mstari kwa mstari kwa mkono, watu wasisukume kutoka nyuma. Tofali nzima zipange pembeni, nyingi zitarudi kwenye ukuta mpya.

Mkazi_Mpya

Nimetoka kwake sasa hivi. Vibarua wamehamishwa na kamba tunafunga wote, amekubali miti iwekwe kwake. La nusu kwa nusu kasema tuongee mpima akishamaliza.